Gesi Nyuma ya Lango Lililofungwa

Jiko namba kumi na nne lilikuwa limefungwa kwa miezi saba, na karibu kila siku lilikuwa linapika.

Hivyo ndivyo namba zilivyosema, na Fadhina Mchopa alikuwa amezisoma mara tano tangu aingie kazini asubuhi ile. Alizisoma ameketi, akazisoma amesimama, akaenda kunawa uso, akarudi, akazikuta palepale. Lango la gesi: limefungwa. Presha nyuma ya lango: milibari kumi na saba. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba maji yamekatwa mtaa mzima, lakini ndoo ya mtu mmoja inajaa yenyewe.

"Injinia, samahani," alisema. "Naomba kuuliza kitu."

Injinia Nannauka, mkuu wa zamu, hakugeuka. Alikuwa na korosho mdomoni na macho kwenye ramani ya mabomba iliyofunika ukuta mzima. "Binti, wewe unaomba ruhusa ya kuomba ruhusa. Uliza tu."

"Jengo la Mbambakofi, jiko namba kumi na nne. Lango lilijifunga mwezi wa tatu. Sasa kuna gesi nyuma yake. Inaingia saa nne asubuhi, inakaa kama saa moja na nusu, inaondoka. Jana ilikuja saa tano. Ijumaa haikuja kabisa."

"Ijumaa haikuja." Nannauka alitafuna. "Basi ni jini la swala tano hilo. Lilikwenda msikitini."

Fadhina alijaribu kutabasamu kwa heshima, lakini tabasamu halikufika. "Huenda bomba limepasuka ndani ya ukuta," alisema.

Nannauka aliacha kutafuna.

Mtwara nzima ilijua maana ya bomba lililopasuka ndani ya ukuta. Miaka tisa nyuma, asubuhi ya Idi, majiko yote yakiwa yamewashwa, jengo la Mninga lilikuwa limelipuka kuanzia ghorofa ya pili. Gesi ilikuwa imepenya kwenye nyumba isiyo na mtu, kidogo kidogo, kwa siku nyingi, na pua za watu zikaizoea. Watu thelathini na mmoja walikufa. Baada ya hapo hakuna jiko lililoachiwa tena mtu peke yake. Kwenye mdomo wa kila bomba la jikoni iliwekwa chipu isiyozidi punje ya dengu, kipande cha semikondakta chenye utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Gesi ikiusukuma utando, utando unapinda, umeme unaopita ndani yake unabadilika, na chipu inajua: gesi kiasi gani imepita, moto umewaka au haujawaka, nyumba hii hupika saa ngapi na kwa haraka gani. Ikiona jambo baya inafunga lango lake. Haimuulizi mtu.

Majiko elfu arobaini, chipu elfu arobaini, na zote zilikuwa zinafundishana. Chipu moja ikiona kitu isichokielewa, ilikipeleka ofisini kwa kina Fadhina ili binadamu akipe jina. Majina yalikuwa mawili tu, Salama na Hatari. Kila siku saa sita kamili mchana majina ya siku hiyo yaliingia kwenye chipu zote za mji, na kuanzia hapo hakukuwa na mjadala. Kisichopewa jina hadi saa sita, mtambo wenyewe ulikiita Hatari.

"Chukua kipimio uende," alisema Nannauka. "Na utazame saa."

Fadhina alichukua kipimio. Alikuwa ameipenda kazi hii tangu chuoni kwa sababu moja ambayo hakuwahi kumwambia mtu: namba hazimtazami mtu usoni.

* * *

Alibisha mlango namba kumi na nne mara tatu. Hodi ya kwanza hata yeye mwenyewe hakuisikia.

Ndani kulikuwa na mazungumzo na wimbo, vyote vikakatika. Kitu kikaburutwa sakafuni. Mtu akanong'ona, "Funika, funika wewe!" Kisha mlango ukafunguliwa na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kanga ya njano kiunoni na jasho puani.

"Karibu fundi," alisema mwanamke yule, upesi mno. Alikuwa ameshaiona sare. "Mimi Somoe, wa namba kumi na mbili, ukuta kwa ukuta. Bibi mwenye nyumba yumo ndani. Hatuna tatizo lolote. Jiko lilishafungwa, halina habari."

"Nimekuja kuangalia kama kuna gesi inavuja, dada."

"Ivuje itoke wapi, na lango limefungwa?"

Hilo ndilo hasa swali alilokuja nalo Fadhina. Alivua viatu akaingia.

Jikoni walikuwamo wanawake wawili. Mmoja mnene, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kanga yake ameitandaza sakafuni kupita kiasi, kama kuku aliyeatamia. Huyo alijitaja kuwa Mama Sharifa wa namba kumi na sita, ghorofa ya juu. Wa pili alikuwa mzee mwembamba kwenye kigoda, mbele ya jiko, mikono mapajani. Huyo alikuwa Bi Ajaba, mwenye nyumba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wa nani wewe?"

"Wa Mchopa, bibi. Wa Chikongola."

"Mchopa mwenye baiskeli?"

"Hapana, bibi."

"Basi humjui huyo. Alikuwa na baiskeli."

Fadhina aliwasha kipimio akakipitisha chini ya sinki, nyuma ya jiko, kwenye pembe za ukuta, juu ya dirisha. Sifuri. Akarudia. Sifuri. Hewa ya jikoni ilikuwa safi kuliko ya ofisini. Lakini kwenye kioo alichovaa mkononi, namba za chipu zilikuwa zinashuka mbele ya macho yake: kumi na mbili, tisa, nne. Gesi ilikuwa inaondoka. Ilikuwa inakwenda wapi, kama haikuingia hewani? Na kama lango limefungwa, ilikuwa imeingilia wapi?

Juu ya jiko kulikuwa na sufuria kubwa, na mfuniko wake ulikuwa unatetemeka.

"Tumepikia kwangu," alisema Somoe kabla hajaulizwa. "Tumeleta hapa kipoe."

"Lakini kinachemka, dada."

"Kina joto lake."

Fadhina aliitazama sufuria. Harufu ya kisamvu na nazi ilijaa jikoni. Chuoni alifundishwa yote kuhusu utando na mkondo wa umeme, namna ya kusoma mgandamizo hadi sehemu ya elfu, lakini hakukuwa na mwalimu aliyemwambia afanye nini na sufuria inayochemka juu ya jiko lililokufa. Alihisi masikio yake yanapata moto. Alitaka kusema samahani na kuondoka.

"Mbona mmezima?" aliuliza Bi Ajaba, akiwageukia wenzake. "Hakijaiva hicho. Mtamdhuru mgeni."

Kisha tumbo la Mama Sharifa lilianza kutikisika juu ya ndoo, na kicheko kikamtoka kwa nguvu. "Haya basi. Tumeshikwa. Ajaba, wewe ukipewa siri unaigawa kama karanga."

Alinyanyua kanga yake. Chini yake ulipita mpira wa gesi, umetokea kwenye tundu la ukuta chini ya sinki, umeungwa kwenye bomba la jiko la Bi Ajaba kwa ustadi ambao mafundi wa ofisini wangeuonea wivu.

* * *

"Tunampalia moto," alisema Somoe. Sasa alikuwa ameketi sakafuni, na haraka ilikuwa imemtoka. "Nyanya yangu moto ukimzimikia alichukua kigae akaenda kwa jirani kupalia kaa. Hakuna aliyemwita mwizi. Sasa moto wa siku hizi haubebeki kwenye kigae. Tukaubeba na mpira."

Alieleza polepole, mara kwa mara akiutazama ukuta penye chipu na kupunguza sauti. Pua ya Bi Ajaba ilikuwa haisikii harufu tena, na kichwa kilikuwa kinamtupa. Mara tatu ndani ya mwezi mmoja alifungua gesi akasahau kuwasha. Mara ya tatu lango likafunga, na kwa sheria ya mji lango likifunga mara ya tatu halifunguki tena.

"Watu wa mji wakamletea chakula kwenye vibakuli," alisema Mama Sharifa. "Kizuri, usiseme. Hakukigusa. Aliketi hapohapo ulipomkuta, miezi miwili, anatazama jiko. Hasemi. Ukimwita hageuki. Mimi nimemjua miaka thelathini, akaniuliza mimi ni nani."

"Siku tulipouleta moto," alisema Somoe, "aliinuka akaniambia nimekata vitunguu vibaya. Nililia, fundi. Nilitukanwa nikalia kwa furaha."

Bi Ajaba alikuwa anawasikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za jirani.

"Na hatumwachi peke yake," aliongeza Mama Sharifa. "Tuna zamu. Moto ukiwaka lazima mmoja wetu awe hapa, pua na macho. Ijumaa tu ndiyo hapiki, anakula kwa mdogo wake."

Fadhina alitikisa kichwa taratibu. Kitu kimoja kilikuwa bado hakimwingii. "Chipu imewezaje kukaa miezi mitano bila kusema? Ingewaona siku ya kwanza."

Somoe alisogea karibu akamnong'oneza sikioni. "Tunaibembeleza."

"Mnaibembeleza?"

"Inasikia ile. Ukifungua gesi kwa pupa inashtuka. Kwa hiyo Mama Sharifa anaimba, mimi nazungusha koki kidogo kidogo. Wimbo mzima. Ukiisha ndipo tumefika. Leo nilikuwa na haraka, nikakata ubeti mmoja."

Fadhina alifungua mchoro wa presha kwenye kioo chake, akaukuza. Kweli ulikuwepo: mwinuko laini wa dakika nne, siku baada ya siku, miezi mitano, na leo ngazi ndogo, mahali palipokatwa ubeti. Ngazi hiyo ndiyo iliyoishtua chipu. Chipu haisikii wimbo. Inatafuta mabadiliko ya ghafla. Mgandamizo unaopanda polepole huuona kama bomba linalopata joto la jua, na kuuacha upite. Wanawake hawa, kwa wimbo na koki, walikuwa wamegundua tundu ambalo mainjinia hawakuligundua kwa miaka tisa.

Kisha akakumbuka kwamba gesi ya Mninga nayo ilikuwa imeingia polepole.

Alitoka hadi kwenye ujia akampigia Nannauka. Alimweleza yote kwa pumzi moja.

"Mama wa watu," alisema Nannauka. "Sasa unataka niseme nini?"

"Hakuna njia ya kuliita jina lingine? Au niandike maelezo?"

"Andika. Ombi la ruhusa maalumu linachukua miezi minne. Chipu hazisomi maelezo, binti. Kuna vitufe viwili. Cha tatu tuliomba, hawakuleta."

"Na wakiutoa mpira leo, tukanyamaza?"

"Chipu imeshaona. Yenyewe haisahau." Alikohoa. "Ni wewe uliyeko huko. Mimi sitakuambia ubonyeze kipi."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini na mbili.

Fadhina aliegemea ukuta. Akiita Salama, mpira utabaki, Bi Ajaba ataendelea kuwakosoa watu vitunguu, na chipu elfu arobaini zitajifunza kwamba gesi inayopanda taratibu nyuma ya lango lililofungwa ni jambo la kawaida. Akiita Hatari, chipu zote zitaanza kuitafuta gesi ya namna hiyo, kila jengo, kila nyumba tupu. Lango la Somoe, gesi inakotoka, litafunga. Na bibi atarudi kutazama jiko. Alijaribu kupima kipi kizito akashindwa, kwa sababu kimoja kilikuwa na uso na kingine hakikuwa nao. Watu wa Mninga nao hawakuwa na uso hadi asubuhi ile.

Kulikuwa na njia nyingine, nayo ndiyo iliyomvuta zaidi. Angeweza kuaga tu, ashuke ngazi, atembee hadi saa sita ipite. Mtambo ungeita Hatari wenyewe. Asingekuwa amebonyeza kitu. Wangelaumu chipu, na chipu haioni aibu.

Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyompasa. Kisha akarudi ndani.

"Dada Somoe," alisema. "Nitaiita Hatari."

Somoe alimtazama kama hakuelewa lugha. "Hatari ipi? Tuko watatu hapa. Macho sita."

"Hapa, ndiyo. Ila chipu haijifunzi kwamba mko watatu. Inajifunza gesi tu. Kwenye majiko mengine hakuna Mama Sharifa."

"Kwa hiyo kwa ajili ya majiko usiyoyajua, unamzimia huyu unayemwona?"

"Ndiyo," alisema Fadhina. Machozi yalikuwa yamemjaa, na alikasirika kwamba yamekuja, maana hayakuwa na haki ya kuwa hapo. "Sijui kama ni sawa. Nimetafuta, sijui. Nitaandika ombi leo hii na nitalifuata kila siku. Lakini nitabonyeza."

"Ungeweza kwenda ukabonyezee hukohuko kwenu."

"Ningeweza."

Alibonyeza mbele yao. Kitufe hakikutoa hata sauti.

Walikaa wakisubiri. Mama Sharifa alichomoa mpira akauviringisha vizuri, kama kamba ya kuanikia iliyokauka. Saa sita kamili ukuta ulitoa mlio mdogo, tik, upande wa namba kumi na mbili.

"Kwa muda gani?" aliuliza Somoe.

"Siku thelathini."

"Nina watoto wanne."

"Najua, dada."

"Hujui. Usiseme unajua."

Bi Ajaba alikuwa ameinuka. Alichukua kiberiti, akawasha njiti, akaisogeza kwenye jiko. Njiti ikaungua hadi karibu na vidole. Akawasha ya pili. Akawasha ya tatu. Kisha akaketi kwenye kigoda, akaiweka mikono mapajani, na kitu usoni mwake kikaanza kwenda mbali. Fadhina alikiona kinakwenda. Alitaka kukiita na hakujua kinaitwaje.

"Ah, hapana," alisema Mama Sharifa, akajiinua kutoka kwenye ndoo kwa kuugua. "Kisamvu hakiachwi njiani, kikiliwa nusu kibichi kinaumiza watu. Kwangu moto upo. Somoe, mshike bibi. Fundi, wewe una mikono au una kioo tu? Shika huku."

"Hatapika kwako," alisema Somoe. "Ulimpeleka mara mbili akalia."

"Ya tatu atalia na sufuria."

Fadhina alishika sikio moja la sufuria kwa ncha ya kanga aliyorushiwa. Ilikuwa nzito na ya moto. Walipanda ngazi upandeupande, mchuzi ukimwagika kwenye sare yake, na nyuma yao Somoe alikuwa anamwongoza Bi Ajaba na kumhesabia vidato.

Jiko la namba kumi na sita liliwaka mara moja. Bi Ajaba alisimama mlangoni, mdogo kuliko alivyokuwa chini.

"Kwa nani hapa?"

"Kwangu, Ajaba."

"Sipiki jikoni kwa mtu."

"Hupiki. Unaangalia tu kama kimeiva."

Alisogea, kwa mashaka, hatua mbili. Alifunua mfuniko, akanusa asichoweza kukinusa, na mkono wake wa kulia ukaenda ukutani, usawa wa bega, ukafumba. Ulifumba hewa. Ukafunguka, ukafumba tena.

Fadhina aliutazama mkono ule bila kuelewa. Somoe ndiye aliyeelewa. "Chumvi," alisema. "Kwake kopo la chumvi linakaa hapo."

Ukutani hapakuwa na rafu. Mama Sharifa alichukua kopo la chumvi dirishani, akanyoosha mkono, akalishikilia hewani mahali pale, usawa wa bega. Vidole vya Bi Ajaba vikalikuta. Vikachota. Akatia, akapima kwa jicho, na mkono wa kushoto ukashuka chini, karibu na goti, ukitafuta.

Upawa ulikuwa unaning'inia mlangoni. Hakuna aliyemwambia Fadhina kitu. Aliuchukua, akapiga magoti sakafuni kando ya jiko, akaushikilia pale chini ulipokuwa mkono. Bi Ajaba aliuchukua bila kumtazama, kama mtu anavyochukua kitu kwenye msumari wake, akaanza kukoroga.

"Nani amekata vitunguu hivi?" aliuliza.

Somoe hakumtazama Fadhina. Fadhina alibaki amepiga magoti, mkono ameunyoosha palepale, kwa sababu upawa ungehitaji mahali pa kurudi.